Nilifika Amerika Bila Kutoka Kavimvira

Kwanza nitoe hasira yangu, ndipo tuendelee. Wiki hii msomaji mmoja wa Kalundu amemtumia mhariri ujumbe: “Huyu Evariste hana akili hata kidogo.” Asante sana, ndugu. Wewe mwenye akili, Victoire alishawahi kukuangalia mara mbili? Basi nyamaza usome.

Kwa ambao gazeti la wiki jana mlifungia samaki, zile ndagala zenu, nasema kwa ufupi. Mimi ni Evariste Manirakiza, fundi wa kushona hapa Kavimvira, kwenye ateliye ya Mama Sidonie. Nampenda Victoire, mwalimu wa shule ya msingi kule Sange. Baba yake, Baba Ezéchiel, alininyima binti mara mbili. Mara ya tatu hakukataa. Alinipa kuku mwekundu, yule wa shingo isiyo na manyoya, akasema, “Enda, tutafikiri.” Nilirudi nacheka peke yangu njiani, kuku kwapani.

Siku ileile simu yangu ikaanguka ndani ya karai la maji ya huyo kuku. Ikafa yenyewe, ikafa na kadi yake. Na ile kadi ya simu iliandikishwa kwa jina la binamu yangu Achille, maana mimi kadi yangu ya kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, ilipotea zamani. Achille yuko Mutarule analima, na tangu tugombanie ile baiskeli hataki hata kusikia jina langu. Bila yeye namba yangu hairudi.

Ndipo rafiki yangu Thierry, fundi wa simu, akanipa simu ya zamani na dawa yake.

“Minye nitakupatia namba ya hewani,” akasema.

“Ya hewani iko namna gani?”

“Haina kadi. Haina mwenyewe. Iko ku tovuti tu, bure. Unaandika ile namba, Watsapu inatuma kode, kode inatokea palepale ku tovuti, unaiandika, kwisha.”

“Na mwenye namba akiuliza?”

“Evariste, weye unasikia? Nimesema haina mwenyewe!”

Tulijaribu namba ya Uingereza, Watsapu ikakataa. Tukajaribu ya Sweden, ikakataa. Ya tatu ilianza na moja. Kode ikatokea, tarakimu sita, nikaingia. Nikaandika kwenye kundi la familia ya Victoire: “Bwana asifiwe. Namba yangu ya zamani imekufa. Mpya ndiyo hii. Evariste.”

Niliandika wapi neno Amerika? Naapa sikuliandika.

Lakini mnajua kwetu. Kila ukoo una mtu aliyeondoka, na aliyeondoka anajulikana kwa namba. Ikianza na moja, amefika. Hazikupita dakika tano, Tantine Léocadie, dada yake Baba Ezéchiel, akatuma sauti ya kupasua masikio: “Ayayaya! Namba iko naanza na moja! Evariste amefika Amerika!”

Mtu akauliza, jamani, si Jumatatu alikuwa hapa anakula ugali wetu? Tantine akamjibu, “Ndiyo amefanya vizuri hakuaga. Batu ni babaya. Ukiaga, banakufunga safari na uchawi.” Wote wakakubali. Kwetu anayekwenda Amerika haagi.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba si kweli. Ndipo Baba Ezéchiel, ambaye siku zote aliniita “yule kijana wa cherehani”, akaandika maneno mawili: “Mukwe wangu.”

Nikafuta nilichoandika. Nikaweka: “Amina, baba.”

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Sasa shikeni viti vyenu.

*

Jumatano asubuhi Tantine Léocadie aliandika: “Mukwe, Koko iko nalia. Anasema hatakufa bila kuona theluji. Utume foto.”

Koko ni mama yake Baba Ezéchiel. Ana miaka themanini na kitu, na macho ya kuona sisimizi akivuka barabara. Ningejua habari za hayo macho mapema, ningejifanya mgonjwa.

Nikamkimbilia Thierry. “Theluji nitatoa wapi?”

“Unga wa muhogo iko.”

“Weye ni mwehu?”

“Koko alishaona theluji? Apana. Tantine alishaona? Apana. Sasa nani atasema kama haiko theluji?”

Tulifunga mlango wa ua. Thierry aliazima koti nene la mlinzi wa duka la jirani, akanizungushia shuka shingoni. Saa sita mchana, Kavimvira, jua la kuoka mikate! Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Thierry akapanda juu ya kiti na chekeche, akawa ananimwagia unga kichwani huku simu iko mkono wa pili.

“Cheka! Uko Amerika!”

Nikacheka. Unga ukaingia kooni, nikakohoa mpaka machozi. Lakini foto ilitoka safi. Tukaituma tukashikana mikono.

Hatukuangalia sehemu ya chini ya foto.

Koko alikuwa wa kwanza kutuma sauti. “Ku Amerika iko kuku?”

Halafu tena: “Na iko nakula theluji!”

Nikaikuza ile foto kwa vidole. Mama yangu wee. Kwenye mguu wangu wa kushoto alisimama kuku mwekundu wa shingo tupu, mdomo umejaa unga, anafurahi kuliko mimi.

Ndipo Baba Ezéchiel akaandika, “Tulieni. Ile kuku naijua. Ni kuku yangu.”

Thierry akaninong'oneza, “Kimbia.”

Nikimbilie wapi, mimi niko Amerika! Vidole vyangu vikaandika vyenyewe, wala sikuvituma: “Ndiyo yeye, baba. Ulinipa kwa mkono wako. Sikuweza kumuacha. Nimepanda naye avioni.”

Mnacheka? Mimi nilikuwa nalivua lile koti nikisubiri hukumu. Lakini sauti ya Baba Ezéchiel ilipokuja, alikuwa analia. Mwanaume mzima, shemasi, analia kwenye simu.

“Batoto ya leo banatupa zawadi njiani,” akasema. “Huyu amevuka maji makubwa na kuku ya mukwe wake. Huyu ndiyo muntu. Jumapili hii tunafanya ibada ya shukrani hapa Sange. Na palepale, mbele ya kanisa, nitatangaza kwamba Victoire ni muke wake. Evariste, saa ine na nusu utupigie simu, usalimie kanisa.”

Watu wote wakaandika Amina. Watu wote, isipokuwa mmoja. Victoire hakuandika kitu.

*

Alhamisi nilikuwa kwenye mashine yangu nashona suruali ya mtu wa forodha. Nikainua macho, nikaona bunda la vitenge linaingia mlangoni, na chini ya bunda Tantine Léocadie.

Niliingia chini ya meza jinsi mende anavyoingia ukutani.

“Bonjour, Mama Sidonie,” Tantine akasema. “Minye ni tantine ya Victoire, mchumba wa Evariste. Nimekuya kwa sababu ni hapa kijana wetu alianzia. Nguo za ibada yake nataka zishonwe ku mashine yake yeye mwenyewe.”

“Mashine ya nani?” akauliza Mama Sidonie, pasi mkononi. Ni mwanamke mnene wa maneno machache, na hakuwa anajua lolote la mambo haya.

“Ya Evariste! Si ameenda Amerika?”

Mama Sidonie akainama kidogo. Tukaangaliana. Magoti yangu yalikuwa yamegusa masikio, na mikono nimeifumba namwomba kwa macho.

Akainuka polepole. “Aah. Evariste. Eh, alituacha, masikini.”

“Mashine yake ndiyo ipi?”

“Ile pale.”

Tantine akaja mpaka kwenye mashine, akaiwekea mkono, akaanza kuiombea. Akaomba! Na kiatu chake kilikuwa juu ya vidole vyangu vitatu vya mkono wa kuume, niliokuwa nimeushusha niegemee chini. “Bwana, umubariki kule aliko! Bwana, umuondolee maumivu yote kule aliko!” Kule niliko nilikuwa nauma kola ya shati langu nisipige kelele.

Alipoondoka, Mama Sidonie alisema neno moja: “Toka.”

Nikatoka. Nikamwambia yote, kuanzia karai mpaka unga wa muhogo. Hakucheka. Alihesabu vitenge.

“Nguo makumi tatu, mpaka Jumamosi. Utazishona zote peke yako.”

“Mama, peke yangu?”

“Uko Amerika. Nasikia kule batu banafanya kazi sana.”

Basi nikashona. Kitenge chenyewe kilikuwa cha bluu, kimejaa picha za avioni nyeupe, Tantine ndiye aliyekichagua. Nguo thelathini za kumshukuru Mungu kwa safari yangu, na mimi mwenyewe ndiye nazishona, Kavimvira, na vidole vitatu vimevimba. Kwa hasira nilikata nguo ya Tantine bila kutazama, avioni zote zikaelekea chini. Niliacha hivyo hivyo.

Ya ishirini na mbili ilikuwa ya Victoire. Kwenye karatasi ya vipimo Tantine aliandika jina tu na urefu wa mikono, kiuno, bega. Mimi sikuhitaji karatasi. Kile kiuno nimekitazama miaka miwili kanisani kwao, Mungu anisamehe. Nilishona taratibu, nikapiga upindo mara mbili ili usifumuke hata akiivaa miaka kumi. Nilikuwa nampenda na nilikuwa namdanganya, na vyote viwili vilikuwa vinaniuma mahali pamoja. Nililia kidogo juu ya kitenge. Mama Sidonie akasema nisichafue kazi ya watu.

*

Ijumaa mchana Watsapu ikajifunga. Nilifungua simu nione Baba Ezéchiel ameandika nini, nikakuta maandishi: akaunti hii inatumika kwenye simu nyingine.

Nilifika kwa Thierry na sindano bado iko mdomoni.

“Simu gani nyingine?”

Thierry akachukua simu, akafungua ile tovuti ya namba za bure. Akakuna kichwa. “Eh. Evariste. Kuna kintu sikufikiri vizuri.”

“Sema.”

“Zile kode... zinatokea ku tovuti.”

“Ndiyo, ulisema.”

“Sasa tovuti, kila muntu anaweza kuifungua.”

Akanionyesha. Kode za dunia nzima zilikuwa zimeanikwa pale kama nguo kwenye kamba, zangu na za watu wengine, anayepita anachukua. Mtu yeyote aliyeandika namba yangu kwenye simu yake, Watsapu ilimtumia kode, na kode akaisoma palepale nilipoisoma mimi.

“Ulisema haina mwenyewe!”

“Si ndiyo maana? Haina mwenyewe, iko ya batu bote.”

Nakiri mbele yenu: nilimtukana Thierry. Nilimtukana yeye, meza yake, na bisibisi zake zote kwa majina. Alisema, “Tulia, ni mwizi tu. Nitaomba kode tena, nitairudisha, nitatengeneza kila kitu.” Nikamwambia asitengeneze chochote, asiniongeleshe, asipite hata mbele ya ateliye yetu. Nikaondoka nimembamizia mlango. Kumbukeni huo mlango.

Nilirudi kwenye mashine najiuliza huyo mwizi anamwandikia nini Baba Ezéchiel. Sikumaliza kujiuliza.

“Evariste,” Mama Sidonie akaita, anatazama simu yake. “Weye iko unaniandikia?”

“Minye? Niko hapa mbele yako.”

“Basi Evariste wa Amerika ananiandikia.”

Akanipa simu. Ile namba inayoanza na moja, foto yangu na theluji yangu ya muhogo. Na chini yake: “Bonjour Mama Sidonie. Umupatie simu ule muntu anajificha chini ya meza.”

Ikaja sauti. Nikaiweka sikioni.

“Evariste, ni minye Victoire. Usiseme kitu, sikiliza. Tantine ndiye alinipatia namba ya Mama Sidonie, na alisema alikanyaga kintu ya laini chini ya mashine yako. Ile kuku minye ndiye nilimulisha tangu iko kifaranga. Haiwezi kupanda avioni, hata kwenye kiti cha pikipiki inatapika. Nilitafuta ile namba yako ku internet, nikaikuta ku tovuti na kode zake zote. Niliomba kode moja, nikaingia. Sasa Evariste wa Amerika ni minye.”

Mama Sidonie alikuwa ameleta kiti karibu ili asikie vizuri.

“Baba anakupenda juu ya uongo,” Victoire akaendelea, na sauti yake ikashuka. “Minye nilikupenda ukiwa na cherehani. Jumapili saa ine, uje Sange na ile kuku. Useme ukweli mbele ya baba na kanisa nzima. Useme kwamba uko Kavimvira, na haujatoka. Ukisema, minye ni wako, hata baba akikataa nitasimama na weye. Ukisema uongo mwingine, hata mudogo, usinijue tena.”

Sauti ikaisha. Niliisikiliza mara nne.

“Utaenda?” akauliza Mama Sidonie.

“Nitaenda.”

“Utasema?”

“Nitasema yote, mama. Hata habari za chekeche.”

Nilikuwa nasema kutoka moyoni. Naomba mlikumbuke hilo pia, kabla hamjamwandikia mhariri.

Thierry sikumwambia. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na mimi nikikasirika nakasirika vizuri.

*

Jumapili nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Sange, kofia ya plastiki ya dereva kichwani nisijulikane, kuku kwenye kikapu juu ya mapaja. Victoire hakusema uongo. Kuku alitapika Kiliba, akatapika tena karibu na Runingu.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Wanawake thelathini mbele, bluu tupu, avioni nyeupe zote zinapanda juu, isipokuwa za Tantine Léocadie ambazo zilikuwa zinaanguka zote pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilisimama nje ya mlango wa nyuma. Victoire aligeuka akaniona. Nguo ilimkaa, jamani. Alitazama kikapu, akaniitikia kwa kichwa kidogo, akageuka mbele. Nilijisikia naweza kusema ukweli mbele ya marais kumi.

Baba Ezéchiel akasimama, akapewa mikro, kipaza sauti cha kanisa. Simu yake ilikuwa mkononi, tayari kwa salamu za kutoka Amerika.

“Ndugu zangu,” akaanza, “leo natangaza mbele yenu kwamba binti yangu Victoire—”

Nikaingia.

Nilitembea katikati ya kanisa, kikapu mkononi. Nilifika katikati ndipo Tantine Léocadie akanitambua. “Yesu! Evariste amekufa! Ni roho yake hiyo!” Wanawake watano wakapanda juu ya benchi, avioni zikaruka kila upande.

“Evariste?” Baba Ezéchiel akasema ndani ya mikro. “Weye iko hapa?”

“Shikamoo baba. Niko hapa. Nimekuja kusema ukweli.”

Nikavuta pumzi. Na palepale, saa nne na nusu kamili, simu mkononi mwake ikalia.

Akaitazama. Akanitazama. Akaitazama tena.

“Ngoja kidogo,” akaniambia kwa adabu kabisa. “Evariste anapiga.”

Nikamtazama Victoire. Simu yake ilikuwa juu ya Biblia, mbali na mkono wake. Akanitikisia kichwa kwamba si yeye, na macho yalikuwa yamemtoka.

Baba Ezéchiel akaiweka simu kwenye mikro.

“Haleluya, baba mukwe!” Sauti ikajaa kanisani. “Haleluya, kanisa! Ni minye Evariste. Huku iko baridi sana!”

Nilimjua kwa neno la kwanza. Thierry! Aliomba kode tena, akairudisha akaunti, akakumbuka kwamba saa nne na nusu natakiwa kusalimia, akaamua kunisaidia. Ule mlango niliombamizia ndio ulioniua. Ningemwambia neno moja tu Ijumaa, angekuwa amekaa nyumbani kwake anakula.

“Evariste,” Baba Ezéchiel akamwambia, “sasa mbona Evariste iko hapa mbele yangu?”

Thierry alikuwa anafikiri. Thierry akifikiri, watu wakae mbali.

“Baba, huyo ni mwizi!” akalia. “Ijumaa kuna muntu aliiba akaunti yangu. Ni yeye! Amechukua hata sura yangu! Mumukamate!”

Vijana wa korali, waimbaji wa kanisa, wakasimama. Nikasema, “Baba, minye ndiye, unanijua,” na simu ikasema, “Baba, minye ndiye, unanijua.” Kanisa likawa soko.

Baba Ezéchiel akainua mkono. Ni mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya.

“Nyamazeni. Weye wa simu, siku ile uliondoka hapa, nilikupatia nini?”

“Kuku, baba! Mwekundu, shingo haina manyoya.” Si alimuona kila siku kwenye ua wangu!

“Kweli. Na weye?”

Sikujibu kwa mdomo. Niliinua kifuniko. Kuku akatoka, akajinyoosha, akajitikisa, akaanza kutembea mbele ya madhabahu kama anakagua.

“Kuku ya theluji!” Koko akapiga kelele. “Ni yeye! Ni kuku ya Amerika!”

Baba Ezéchiel akachuchumaa. Akamshika kuku, akampapasa shingo. Akaniinulia macho, na hasira haikuwemo. Ilikuwa huruma, na huruma ndiyo iliyonimaliza.

“Kuku hii minye nilimuona Amerika kwa macho yangu,” akasema polepole. “Kama iko hapa, basi mumerudi. Mwanangu. Bamekurudisha?”

Kanisa zima likasema “Ooooh”. Tantine Léocadie alianza kulia. Mwanamke mmoja akanipangusa vumbi la njiani kwenye bega. Niliona pale mlango mdogo, wazi, na nyuma yake kila mtu ananihurumia, na Baba Ezéchiel bado ananiita mwanangu.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na ukweli mdomoni. Nilikuja nao kutoka Kavimvira. Ilibaki kuutema tu.

“Ndiyo, baba,” nikasema. “Bamenirudisha.”

Sikuthubutu kumtazama Victoire, lakini nilisikia Biblia yake ikifungwa.

“Uongo!” simu ikapayuka. “Minye sijarudishwa! Niko huku, na makaratasi yangu iko sawa!”

Baba Ezéchiel akasimama katikati, kuku mkono huu, simu mkono ule. Jasho lilikuwa linamtoka. “Minye nimechoka,” akasema. “Mmoja wenu ni mukwe wangu, mwingine ni mwizi. Victoire, mwanangu, kuya hapa. Weye ndiye unamujua. Ni ule wa kuku, ama ni ule wa simu?”

Victoire akatoka kwenye benchi. Upindo niliompigia mara mbili haukusogea hata kidogo. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, akanitazama muda wa kutosha kunihesabu kope. Akampapasa kuku kichwani.

Halafu akanyoosha mkono, akachukua simu.

“Allô?” akasema ndani ya mikro, na kanisa lote likasikia. “Weye wa Amerika. Uko na muke?”

Nimejuana na Thierry tangu darasa la kwanza. Hana mke.